Ghorofa Zinapanda, Maji Hayana pa Kwenda

Mvua kubwa ikipiga Dar es Salaam kwa saa mbili, swali la kwanza mjini huwa ni moja: Jangwani kunapitika? Analiuliza dereva wa daladala, analiuliza mwenye duka wa Mtaa wa Congo aliyekwama Magomeni, analiuliza mteja wa mikoani aliyeshuka alfajiri stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa na pesa za mzigo mfukoni. Jibu likiwa pamefungwa, Barabara ya Morogoro imekatika, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na Kariakoo inabaki na mali yake bila wanunuzi wake.

Tumezoea kuizungumzia mvua hiyo kana kwamba yenyewe ndiyo iliyobadilika. Imebadilika kiasi, na nitafika huko. Lakini kilichoporomoka zaidi ni uwezo wa ardhi ya mjini kuipokea, na umeporomoka katika miaka ileile ambayo Kariakoo imekuwa ikitajirika. Ndiyo maana anguko hili ni gumu kuliona. Kila ukipita baada ya miezi michache unakuta jengo jipya, vioo vipya, fremu mpya zinazotafutiwa wapangaji, na hakuna anayeliita hilo kuporomoka.

Tuanze na mvua yenyewe. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika, Machi hadi Mei, na nyingine za vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa mji wa pwani ya joto kiasi hicho si cha kutisha. Tatizo ni namna kinavyoshuka. Mvua ya radi haina subira: wingu hupanda kilomita kumi na zaidi kwenda juu, likabeba unyevu wa bahari, kisha likaumwaga mahali pamoja kwa dakika chache. Kariakoo inaweza kugeuka bwawa huku Mbagala watu wakianika nguo. Kwa hiyo wastani wa mwaka, au hata wa mwezi, hausemi mengi juu ya kinachoupata mtaa. Mtaa unaumizwa na nusu saa.

Desemba 2011, siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, jiji lilipata mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilisema haijaonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu wakakosa makazi, na waliokuwa wakiishi mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Aprili 2018 bonde la Mto Msimbazi, ambamo Jangwani imo, likafurika tena, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Vuli ya 2023 ikaja na El Nino, masika yaliyofuata hayakuiacha nchi ipumue, na Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kuwa watu 155 wamepoteza maisha nchini kote. Siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani. Wanasayansi wanatuambia kuwa hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na Bahari ya Hindi inazidi kupata joto. Hakuna sababu ya kubishana na hilo.

Lakini asilimia 7 haitoshi kueleza kwa nini mvua ambayo miaka ya 1970 ingelowesha mchanga na kwisha, leo inaingia dukani. Hilo halimo mawinguni. Tuliangalie chini, kwenye viwanja.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia eneo la Kariakoo lilikuwa shamba la minazi. Wajerumani wakapima mitaa iliyonyooka ili Waafrika wakae huko, na chini ya wakoloni waliofuata uwazi wa Mnazi Mmoja ukatenganisha mitaa hiyo na Uhindini, mtaa wa Wahindi. Ulikuwa mpango wa kibaguzi, na sina nia ya kuupamba. Ila nyumba zilizojengwa na wenyeji katika viwanja hivyo zilikuwa na akili yake. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma uani: jiko, choo, kamba za kuanikia, pengine mnazi au mpapai. Paa lilikuwa la makuti, baadaye bati. Maji ya paa yalidondokea uani na vichochoroni, na chini kulikuwa na mchanga wa pwani, mchanga unaokunywa. Kilichobaki kilitiririka polepole mpaka bondeni. Mwaka 1967 jiji lote halikufikisha watu 300,000. Sensa ya 2022 imehesabu mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu milioni 5.38.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kiwanja cha Kariakoo kikapanda bei kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Warithi wakauza, au wakaingia ubia na mwenye mtaji, na nyumba ya vyumba sita ikawa ghorofa sita, nane, kumi. Aliyejenga alijenga mpaka mpakani. Uani ulikuwa wa kwanza kufa, na haukuwa na mtetezi, kwa sababu uani haulipi kodi.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua kiwanja cha mita za mraba 300 kilichofunikwa chote kwa zege, kisha mvua ya milimita 60, ambayo kwa masika si ajabu. Ni lita 18,000, karibu maboza mawili ya lita 10,000. Viwanja 20 vya namna hiyo vikipangana mtaa mmoja vinatema lita 360,000, na mabomba ya mapaa yake yanaelekea kulekule, barabarani, kwa wakati mmoja. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo isingefika barabarani kabisa.

Cha kusikitisha ni kwamba Kariakoo ilishaonyeshwa njia nyingine, tena katikati yake. Soko Kuu lililofunguliwa 1975 lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, na lile paa lake ambalo kila mtu analijua kwenye picha halikuwa pambo. Ni vikombe vikubwa vya zege vilivyopanuka juu na kukusanyika kwenye nguzo, ili mvua iteremke kupitia humo mpaka kwenye matangi chini ya jengo. Yaani mtu alikaa akafikiri: soko litahitaji maji ya kuoshea, mvua italeta maji, basi jengo liyapokee. Ghorofa zilizolizunguka baadaye hazikuiga hata kidogo. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likawekwa kwenye mgawo wa maji, watu wa mjini walikuwa wakisaka maboza kwa bei ya kuruka, chini ya mapaa ambayo kila masika humwaga maji ya bure mtaroni. Soko lenyewe liliungua Julai 10, 2021, likafungwa miaka kadhaa kwa ukarabati, na mazungumzo yote ya umma tangu hapo yamekuwa juu ya moto, vizimba na nani atarudishwa. Ni mambo ya haki. Juu ya lile wazo la paa sijasikia mjadala.

Maji yakishafika barabarani yanakuta mitaro. Hapa ndipo tunapopenda kumtupia lawama mtu aliye karibu: mama lishe aliyemwaga maganda, machinga aliyeacha maboksi, kijana aliyetupa chupa. Taka ni tatizo kweli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na nafasi yake mtaroni imechukuliwa na chupa, nailoni za marobota na mikanda ya kufungia maboksi ya kutoka ng'ambo. Lakini hata mtaro uliosafishwa ukang'aa una ukubwa wake, na sehemu ya mitaro na mabomba ya majitaka ya katikati ya jiji iliwekwa enzi za ukoloni, kwa ajili ya mji wa nyumba za chini zenye uani. Kuuzibua mtaro huo ni lazima. Kudhani kuuzibua kunatosha ni kujidanganya.

Halafu kuna suala la nani mwenye maji hayo. Barabara kubwa ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA, majitaka ni ya DAWASA, taka ni za Jiji. Mvua haiheshimu mgawanyo huo. Maji ya mapaa yanaingizwa kwenye chemba za majitaka kwa sababu ziko karibu, chemba zinafurika, na kinachopanda juu ya lami hakiandikiki vizuri kwenye gazeti. Ukipeleka malalamiko utaelekezwa ofisi nyingine, na afisa anayekuelekeza mara nyingi anasema kweli.

Ongeza bahari. Kariakoo imekaa kati ya bonde la Msimbazi upande mmoja na mkondo wa Gerezani unaoingia bandarini upande mwingine, juu ya ardhi tambarare isiyo na mteremko wa kujivunia. Maji ya bahari yakiwa yamekupwa, mitaro inashusha. Yakijaa, hasa siku za bamvua, midomo ya mitaro inazidiwa na maji ya mvua yanasubiri. Mvua ya saa nne asubuhi bahari ikiwa imekupwa na mvua ileile bahari ikiwa imejaa ni mvua mbili tofauti kabisa kwa mwenye duka, ingawa kipimo cha TMA kitaandika namba moja.

Mwenye duka huyo ameshajifunza. Tazama mlango wa fremu ya zamani kidogo Mtaa wa Sikukuu au Swahili. Juu ya kizingiti cha mwanzo kuna kizingiti cha pili cha tofali na saruji, na pengine juu yake vigae vya kukiinua tena, kiasi kwamba mteja mzee anashikwa mkono ili avuke. Ndani, mzigo uko juu ya mapaleti. Rafu ya chini kabisa imepangwa ndoo, mabeseni na majagi, vitu ambavyo maji hayana la kuvifanya. Vitenge viko kifuani kwenda juu. Nyuma ya mlango kuna viroba vya mchanga vilivyofungwa tayari na fagio la mpira. Robota la vitenge likilowa halitupwi. Linafunguliwa, linaanikwa, linauzwa kwa bei ya hasara kwa anayejua amenunua nini. Hayo yote yamebuniwa na watu wenyewe, bila semina.

Ubaya ni kwamba kila kizingiti kinampelekea maji jirani. Aliyeinua baraza lake sentimita 20 ameyasukuma kwa asiyeinua, naye msimu ujao atainua 30. Barabara nayo hushiriki mashindano hayo: lami mpya ikimwagwa juu ya ya zamani bila kukwangua, barabara inapanda, na jengo lililokuwa juu yake linajikuta chini. Kuna maduka Kariakoo ambayo leo unashuka kuingia, na hayakujengwa hivyo. Unaweza kuusoma umri wa tatizo kwa kuhesabu ngazi.

Bondeni Jangwani hadithi ni ileile kwa ukubwa zaidi. Msimbazi unatoka milima ya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya mitaa iliyoota bila mpango, na kuingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salander. Kila kilima kinachochongwa huko juu kwa ajili ya nyumba kinateremsha udongo, na udongo ukifika Jangwani, ambako mto hauna kasi, unatulia. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, na daraja linabaki palepale. Anayetaka ushahidi wa zamani aende klabu ya Yanga, Mtaa wa Twiga na Jangwani: Uwanja wa Kaunda, ambako timu ilikuwa ikifanya mazoezi, ulishatolewa uhai na maji na tope zamani sana, na wanachama wamekuwa wakiahidiwa uwanja mpya uchaguzi baada ya uchaguzi. Pamoja na ushahidi huo, na pamoja na mafuriko ya 2011, karakana ya mabasi ya mwendokasi ikawekwa bondeni humohumo. Huduma ilianza Mei 2016. Haikuchukua muda mabasi yakasimama kwenye maji, na ikawa kila TMA ikitangaza mvua kubwa, mabasi yanahamishwa kama mifugo. Uamuzi huo siwezi kuuita ajali.

Wakazi wa bondeni walishughulikiwa kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 2015 nyumba zao zilipigwa alama ya X nyekundu na bomoabomoa ikapita. Hoja ya serikali, kwamba bonde ni hatari, ilikuwa sahihi. Ila jiji lilimwondoa mwenye kibanda kwa sababu bonde si mahali pa kujenga, huku nalo likijenga.

Sasa kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2022 kwa mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi wakiongezea. Unahusu daraja jipya na refu Jangwani, kuchimba na kupanua mto, kuhamisha karakana, kulipa fidia, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya umma. Ni mradi mzuri na umechelewa. Nina wasiwasi wa aina moja nao. Mafuriko ya Jangwani yana faida ya kisiasa: yanaonekana. Barabara kuu ikikatika, waziri anakwama, picha zinapigwa, bajeti inatafutwa. Daraja likikamilika magari yatapita juu, na maji ya mtaani Kariakoo yatabaki kuwa shida ya mtu na fremu yake, bila picha. Mradi unatibu bonde. Hauwezi kurudisha uani 20 za kila mtaa ulioko juu ya bonde hilo.

TMA, kwa haki yake, imepiga hatua. Siku hizi angalizo na tahadhari zinafika kwenye simu kabla ya wingu, na wakati wa Hidaya boti zilikaa bandarini kwa sababu watu waliambiwa mapema. Lakini taarifa inamsaidia mwenye pa kuhamishia mzigo. Machinga anavuta turubai na kupoteza siku. Mama lishe anazima jiko, na chakula alichokwisha kupika ni hasara yake. Umeme ukikatika, jenereta zinanguruma vibarazani kwa wenye nazo, na fundi simu asiye nayo anafunga. Vijana wa mikokoteni ndio wanaopata kidogo: huvusha watu kwenye maji kwa malipo, na asiyetaka kulipa anavua viatu. Mwenye mtaji mdogo anapata hasara mara nyingi kwa mwaka, kidogo kidogo, bila bima, na hasara hizo haziingii kwenye tathmini yoyote kwa sababu hakuna aliyekufa.

Nairobi iliwapa majirani zake somo 2024, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 200 Kenya nzima na serikali ikaingia kingo za mito na matingatinga. Somo la upande wetu lilikuja kwa njia tofauti. Novemba 16, 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa. Mvua haikuhusika. Ila baada ya hapo Waziri Mkuu aliunda timu ya kukagua majengo ya eneo zima, jambo ambalo miaka yote lilisemwa haliwezekani. Kumbe mkaguzi anaweza kuingia kila jengo, akauliza nguzo zina nini na chini kumechimbwa kiasi gani. Kumuuliza mwenye jengo huyohuyo maji ya paa lake yanakwenda wapi kungemchukua dakika tano zaidi.

Kwa nini haulizwi? Kwa sababu anayeamua hapati hasara. Kodi ya fremu Kariakoo hulipwa mbele, miezi sita au mwaka, na kwenye mitaa inayouza sana kuna kilemba, yaani ada ya kuingilia, juu yake. Mvua ya Aprili humkuta mpangaji ameshalipa mpaka mwisho wa mwaka. Akishindwa akaondoka, wapo wanaosubiri. Mwenye jengo haoni dalili yoyote kwenye daftari lake kwamba mtaa unazama, na Jiji, linalokusanya leseni na ushuru, halioni pia. Dalili zitakuja baadaye na kwa kimya, pale mteja wa Lusaka au Lubumbashi atakapoamua kununua Ubungo, ambako kimejengwa kituo kipya cha biashara kwenye eneo la iliyokuwa stendi ya mabasi, upande wa pili wa Jangwani, asikolazimika kuuliza kama kunapitika. Hapo kodi zitaanza kushuka, na watu watasema Kariakoo imeharibiwa na Wachina, au na kodi za serikali.

Dawa ya mtaani inajulikana, na Amuli aliijenga nusu karne iliyopita: jengo lishike maji yake, liyatumie au liyaachie polepole mvua ikishapita. Kulifanya kuwa sharti la kibali cha ujenzi kusingehitaji mkopo wa nje. Lita 18,000 za kile kiwanja cha mita 300 zinahitaji tangi la mita tatu kwa tatu, kina mita mbili. Gharama ya zege lake haifiki mbali ukilinganisha na ghorofa kumi. Lakini kwa Kariakoo chumba cha mita tatu kwa tatu chini ya jengo, kikiwekewa mlango wa chuma na taa moja, kinapangishwa kama stoo kabla rangi haijakauka.